Darasani marufuku, uwanjani ruksa: Corona ilivyoitega michezo ya vyuo Marekani

AGOSTI 17, 2020, Chuo Kikuu cha North Carolina pale Chapel Hill kilitangaza kuhamishia masomo ya shahada ya kwanza kwenye intaneti. Muhula ulikuwa na wiki moja tu. Wanafunzi walikuwa wamerudi mabwenini, corona nayo ikarudi nao, na maambukizi yakaanza kuibuka bweni hili na lile. Uongozi ukaona isiwe tabu, kila mtu asome kwa kompyuta yake.

Timu ya futiboli ya chuo hicho hicho ikabaki. Septemba 12 ilishuka kwenye uwanja wake wa nyumbani ikaitandika Syracuse 31-6.

Mwanafunzi wa historia alionekana yuko hatarini akikaa dawati moja na mwenzake, lakini mwanafunzi anayecheza futiboli akaruhusiwa kugongana vichwa na watu 11 wa timu pinzani, jasho kwa jasho, pumzi kwa pumzi. Ukitaka kujua sakata la michezo ya vyuo Marekani wakati wa corona lilikuwaje, anzia hapo.

Hii siyo bonanza la wanachuo

Shabiki wa huku akisikia 'michezo ya vyuo' anawaza bonanza la Jumamosi, jezi za kuazima na mwamuzi ambaye ni mwalimu. Marekani ni ishu nyingine kabisa. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaingiza watu zaidi ya 107,000, yaani Wembley unasubiri. Kocha Nick Saban wa Alabama alikuwa anavuta zaidi ya dola milioni 9 kwa mwaka. Mechi zinaonyeshwa kwenye televisheni za taifa, na mkwanja wa futiboli ndiyo unaolipia karibu kila kitu kingine pale chuoni: kuogelea, tenisi, riadha, mieleka.

Wanaoujaza uwanja huo hawakuwa wanalipwa mshahara. Walipewa ada, malazi na chakula. Mwaka 2020 mchezaji wa chuo alikuwa haruhusiwi hata kuingia mkataba wa tangazo kwa jina lake mwenyewe. Ruhusa hiyo ilikuja Julai 2021.

Weka hilo kichwani, maana ndilo lililofanya kila uamuzi uwe mgumu. Bundesliga ilirudi Mei 16, 2020 kwenye viwanja vitupu na hakuna aliyeshangaa sana, kwa sababu wale ni waajiriwa wenye mikataba. NBA iliwafungia wachezaji wake pale Disney World, Orlando, wakala, wakalala na kucheza hapo hapo mpaka bingwa akapatikana. Vyuo havikuweza kufanya hivyo. Utamfungiaje hotelini mtu ambaye kila siku unaapa mbele ya mahakama kwamba huyu si mfanyakazi, ni mwanafunzi kama wengine?

Machi iliyofutika

Mambo yaliharibika ndani ya saa chache. Machi 11, Rudy Gobert wa Utah Jazz alikutwa na virusi na NBA ikasimama usiku ule ule. Kesho yake NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ikafuta mashindano ya kikapu ya March Madness, wanaume na wanawake. Ya wanaume yalikuwa yanachezwa kila mwaka tangu 1939. Hata Vita Kuu ya Pili haikuyasimamisha.

Siku hiyo hiyo wanariadha walikuwa wameshafika Albuquerque kwa ubingwa wa ndani ya ukumbi, uliokuwa uanze kesho yake. Waliambiwa wafungashe.

Kisha ikaja hesabu. NCAA ilikuwa igawie vyuo dola milioni 600 mwaka ule, wakaishia kugawana milioni 225. Stanford, chuo tajiri haswa, Julai kikatangaza kuua michezo 11 (miezi kumi baadaye kilibadili mawazo baada ya kelele na kesi). Kila mkurugenzi wa michezo akawa anaangalia kalenda ya futiboli ya Septemba kama mtu anayesubiri mshahara huku mwenye nyumba kasimama mlangoni.

Ndiyo maana maneno ya afya na maneno ya pesa hayakuwahi kutenganishwa tena. Wa kwanza kusema 'hatuchezi' walikuwa wale ambao futiboli haiwaweki mjini. Julai 8 umoja wa Ivy League, wenye vyuo 8 kama Harvard, Yale na Princeton, ulifuta michezo yote ya msimu ule wa vuli. Baadaye ukafuta na kikapu. Kwao ilikuwa rahisi kidogo, kusema kweli. Harvard haiishi kwa tiketi.

Wachezaji nao hawakuwa kitu kimoja

Agosti ilikuwa mwezi wa vurugu. Mwanzoni mwa mwezi, wachezaji wa vyuo vya Pac-12, ligi ya pwani ya magharibi, walitoka hadharani na madai yao: walindwe kiafya na chombo huru, na mapato wagawiwe nusu kwa nusu. La sivyo hawaingii uwanjani. Siku chache baadaye upande wa pili ukajibu. Trevor Lawrence, kwotabeki wa Clemson na nyota mkubwa kuliko wote wa wakati ule, alisema wao wanataka kucheza. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: wapo vijana ambao nyumbani kwao hali ni mbaya kuliko chuoni, na huko hakuna atakayewapima wala kuwatibu wakiugua.

Halafu usiku wa kuamkia Agosti 10 makundi hayo mawili yakazungumza kwa Zoom, yakatoa tamko moja. Tunataka kucheza, walisema, lakini tuwekewe kanuni za afya zinazofanana kila mahali, asiyetaka kucheza asipoteze ufadhili wake, na tuwe na chama chetu. Lile la mwisho ndilo lililowatisha wakubwa kuliko corona yenyewe.

Kesho yake, Agosti 11, Big Ten na Pac-12 zikaahirisha msimu. SEC, ACC na Big 12 zikagoma, zikasema tunaendelea. Nchi moja, mchezo mmoja, ugonjwa mmoja, majibu mawili.

Big Ten haikukaa kwa amani. Wachezaji 8 wa Nebraska waliipeleka mahakamani. Justin Fields wa Ohio State alianzisha ombi mtandaoni, watu zaidi ya laki mbili wakaweka sahihi. Rais Donald Trump, mwaka wa uchaguzi huo, alimpigia simu kamishna Kevin Warren. Septemba 16 ligi ikabadili gia: msimu utaanza Oktoba, wachezaji watapimwa kila siku kwa kipimo cha haraka, na atakayekutwa nacho atakaa nje siku zisizopungua 21.

Vipimo hivyo vya kila siku vilikuwa hatua ya kweli, hilo lisibezwe. Lakini mwanafunzi wa kawaida aliyelala bweni la jirani alikuwa hapimwi kila siku.

Suala la moyo

Siku 21 hazikutoka hewani. Madaktari walikuwa na hofu ya uvimbe kwenye misuli ya moyo, hali inayoweza kumuangusha mchezaji kijana katikati ya mazoezi. Ushahidi ulikuwa mbele yao: Eduardo Rodriguez, mrushaji wa Boston Red Sox kwenye besiboli, alikosa msimu mzima wa 2020 kwa tatizo hilo baada ya kuugua corona.

Septemba 2020, watafiti wa Ohio State walichapisha matokeo ya wanariadha 26 waliopona corona na kupigwa picha za moyo kwa MRI. Wanne walikuwa na dalili za uvimbe huo, sawa na asilimia 15. Watu walishtuka. Vyuo vya Big Ten viliendelea kupima, na Mei 2021 takwimu pana zaidi zikatoka: kati ya wanariadha 1,597, waliokutwa na tatizo walikuwa 37, yaani asilimia 2.3. Afadhali kuliko ilivyohofiwa mwanzo. Ila wengi kati ya hao 37 hawakuwa na dalili yoyote ya moyo, na bila kupigwa picha wangerudi uwanjani kama kawaida. Vyuo vidogo visivyo na mashine hizo vilikuwa vinabahatisha.

Na kifo kilikuwepo. Septemba hiyo hiyo mchezaji mmoja wa futiboli mwenye miaka 20, wa chuo kidogo Pennsylvania, alifariki kwa damu iliyoganda baada ya kupata corona. Ligi yake ilikuwa imeshasimamisha mechi tangu Julai. Yaani kufuta mechi peke yake hakukumlinda mtu. Upande wa 'tucheze' uliishika hoja hiyo kwa nguvu, na haikuwa rahisi kuijibu.

Msimu wa viraka

Basi wakacheza. Zaidi ya mechi 100 ziliahirishwa au kufutwa. Wisconsin ilicheza mechi moja tu, corona ikaingia kambini, watu 12 wakakutwa nayo, kocha Paul Chryst akiwemo. Kocha Ed Orgeron wa LSU alisema wazi katikati ya Septemba kwamba wengi wa wachezaji wake walishaipata, na akatumaini hawataipata tena. Mabingwa watetezi hao!

Lawrence, yule aliyetaka kucheza, alikutwa na virusi mwishoni mwa Oktoba. Akakosa mechi mbili, na ya pili ilikuwa dhidi ya Notre Dame ugenini. Clemson ikalala 47-40 baada ya muda wa nyongeza mara mbili, na mashabiki kama 11,000 walioruhusiwa kuingia, wengi wao wanafunzi, wakavamia uwanja kushangilia huku wamekumbatiana. Miezi ya kanuni ilifutika kwa dakika mbili.

Mechi ya Ohio State na Michigan, dabi iliyokuwa haijakosa mwaka tangu 1918, haikuchezwa. Big Ten ilikuwa imeweka sheria kwamba timu isiyofikisha mechi 6 haigusi fainali. Ohio State ilikuwa na 5. Ikabidi sheria ibadilishwe wiki ya mwisho, maana Ohio State ndiyo iliyokuwa na nafasi ya kwenda kuchukua ubingwa wa taifa na mgawo wake. Wakaenda kweli, mpaka fainali ya Januari 11, 2021, wakiwa na mechi 7 miguuni dhidi ya Alabama yenye 12. Alabama iliwachapa 52-24. Mechi ya Rose Bowl nayo ilihamishwa kutoka Pasadena, California, kwenda Texas, kwa sababu California ilikataa mashabiki.

Soka na mbio zilisubiri

Soka, mpira huu wetu wa miguu, halikuwa na bahati ya kupiganiwa na rais. Ubingwa wa vyuo ulisukumwa kutoka Desemba 2020 mpaka Mei 2021, na mashindano ya wanaume yakapunguzwa timu kutoka 48 hadi 36. Cha ajabu, hapo ndipo ilipopatikana hadithi tamu kuliko zote. Marshall ya West Virginia, timu ambayo haikupangwa hata kwenye orodha ya vigogo, iliitoa Clemson kwa penalti, ikawavua ubingwa Georgetown, ikaipiga North Carolina, na Mei 17 pale Cary, Muingereza Jamil Roberts akaifunga Indiana dakika ya 98. Bao la dhahabu, 1-0, ubingwa wa kwanza wa soka katika historia ya chuo.

Mbio za nyika nazo zilihamishwa kutoka Novemba hadi Machi 15, 2021 pale Stillwater, Oklahoma. Mkenya Mercy Chelangat, akiikimbilia Alabama, alishinda mbio za wanawake. Siku chache kabla, Mkenya mwingine, Wesley Kiptoo wa Iowa State, alikuwa amebeba ubingwa wa mita 5,000 ndani ya ukumbi. Kwa watoto wa Afrika Mashariki walio kule kwa ufadhili wa riadha, kufutwa kwa msimu kulikuwa na uzito mwingine. Mwanafunzi wa Ohio akifungiwa chuo anapanda basi kwenda kwao. Wa Rift Valley anakwenda wapi wakati ndege zimesimama?

Machi ile ile kikapu kilirudi, na kwa njia ambayo miezi saba nyuma viongozi walisema haiwezekani kwa wanafunzi. Timu 68 za wanaume ziliwekwa zote Indiana, wachezaji wakafungiwa hotelini, kila timu na ghorofa yake, na kupimwa kila siku. Za wanawake zilipelekwa San Antonio. Kwa wanaume mechi moja tu ndiyo haikuchezwa: VCU ilitolewa saa chache kabla ya kukutana na Oregon, baada ya wachezaji wake kukutwa na virusi. Walikuwa wamevumilia msimu mzima wakafika, wakaondoka bila kugusa mpira. Baylor ilichukua kombe kwa kuipiga Gonzaga 86-70, na pesa za televisheni zikaingia.

Kitu kimoja ambacho wachezaji walikipata bila ubishi ni mwaka wa ziada. NCAA iliamua msimu wa 2020 usihesabiwe kwenye muda wa mtu, kwa hiyo vyuo vikajaa wazee kwa miaka kadhaa. Cam McCormick aliingia Oregon mwaka 2016. Majeraha yakamuandama, corona ikamuongezea mwaka, akahamia Miami, na 2024 alikuwa bado uwanjani, msimu wa 9, akipokea pasi pamoja na vijana waliokuwa shule ya msingi wakati yeye anaanza chuo.