TUSISAHAU TUNDU LA MOSHI

Wengi wetu ni hodari wa kufagia sakafu na kusugua masufuria mpaka yang'ae, lakini ni wachache wanaoinua macho kulitazama tundu la moshi. Je, wewe mara ya mwisho ulilitazama lini?

Sisi tulifunzwa na makosa yetu. Msimu wa kipupwe uliopita, baridi na vumbi la hapa Singida vilituzidi, tukaziba matundu ya jiko letu kwa vipande vya gunia. Haukupita muda, dada aliyekuwa zamu ya kupika maharage kwa mkaa akatoka nje akiyumba, kichwa kinamgonga na anataka kutapika. Tukadhani ni malaria. Zahanati walipouliza alikuwa anafanya nini na wapi, tukatazamana.

Mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi wa kuni. Ikiingia mapafuni hushikana na chembe nyekundu za damu, zikashindwa kubeba oksijeni. Ndiyo maana husikika habari za watu walioingiza jiko la mkaa chumbani wapate joto, wakalala wasiamke. Mkaa uliokolea usiotoa moshi bado unatoa sumu hiyo.

Katika tembe za wazee wetu moshi ulijitafutia njia mlangoni na kwenye nyufa. Ulisaidia kulinda boriti zisiliwe na mchwa, ila mpishi alikohoa. Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Kabla ya kufika huko, kuni na mkaa tunavyo, na matundu tunayo.

Hewa ya moto hupanda juu. Kwa hiyo tundu la moshi huwa juu karibu na bati, na hewa safi iingie kwa chini, mlangoni au dirishani. Kimoja kikizibwa, kingine hakifai kitu. Upepo wetu wa kiangazi huvuma zaidi kutoka mashariki. Tundu la moshi likielekea huko, moshi hurudishwa ndani. Anayejenga jiko jipya alielekeze magharibi.

Usafi wenyewe hufanywa moto ukiwa umezimika na jiko limepoa. Toa vyakula na vyombo nje, funga kitambaa puani na mdomoni, kisha anza juu kushuka chini. Masizi makavu yakifagiwa huruka na kuingia kifuani, hivyo tumia tambara bichi lililofungwa kwenye mti mrefu. Wavu wa kuzuia wadudu ndio unaoziba upesi, kwa sababu mafuta ya kukaangia hunasa vumbi na utando wa buibui. Uvue, uloweke katika maji ya moto yenye sabuni ya unga, usugue kwa brashi, ukauke ndipo urudishwe. Kama sabuni hakuna, maji ya majivu ya kuni hukata mafuta vizuri sana (bibi zetu walijua hili kabla ya sabuni za dukani).

Lakini wenye feni ya kunyonya moshi wasitumie majivu kwenye chujio lake. Machujio mengi ni ya alumini, nayo huliwa na majivu; sabuni ya vyombo inatosha. Zima umeme kwanza. Chujio lililojaa mafuta si uchafu tu, ndimi za moto zikilifikia linawaka.

Wanaotumia mtungi wa gesi wajue kwamba gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni. Tundu la juu halitaitoa. Wanahitaji na tundu la chini, ambalo ndilo hasa huzibwa na magunia ya mahindi na mtama.

Jiko letu sasa limo katika zamu za usafi, kila Alhamisi, na vile vipande vya gunia tumevigeuza matambara ya kupigia deki.