Bustani ya kipupwe huanza masika

Juni ikiingia na ubaridi wa milima ya Uluguru ukaanza kushuka hapa Bigwa, Morogoro, wengi ndipo hukumbuka bustani na kwenda duka la pembejeo kununua mbegu za kabichi. Kwa kabichi, huko ni kuchelewa.

Kipupwe chetu ni kifupi. Julai, usiku joto hushuka hadi nyuzi 15 au 16, na mchana hupanda hadi 27 hivi. Kabichi hufunga vizuri kwenye nyuzi 15 hadi 20, kwa hiyo huku bondeni tunaipata kwa shida. Oktoba joto likirudi, vichwa hubaki laini, na viwavi huzidi. Ndiyo maana zao la kipupwe huchaguliwa kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka Oktoba.

Geuza pakiti ya mbegu usome siku za kukomaa. Kwa kabichi nyingi ni 80 hadi 90, na huhesabiwa tangu kupandikiza. Ongeza wiki nne za kitaluni. Mbegu iliyosiwa mwanzoni mwa Mei huvunwa mwishoni mwa Agosti. Iliyosiwa Juni 20 hukomaa katikati ya Oktoba, juani. Kitalu cha Mei kiezekwe kwa nyasi ili matone ya masika yasiangushe miche.

Aliyechelewa achague mazao ya muda mfupi: saladi, chainizi, figili na giligilani. Saladi ina tabia moja ya kujua: udongo ukizidi nyuzi 30, mbegu nyingi hulala bila kuota. Isie jioni, mwagilia, kisha funika tuta kwa majani makavu; ikichomoza tu, yaondoe. Karoti nayo inafaa, ila isie palepale itakapokulia, kwenye udongo uliotifuliwa kwa kina. Ukiihamisha, mzizi hugawanyika.

Nyanya hupenda ukavu wa majira haya, kwa kuwa majani makavu hayapati bakajani kwa urahisi. Lakini kagua majani kila mara: mdudu kantangaze, aliyeingia nchini mwaka 2014, hutoboa jani kwa ndani na kuacha mabaka meupe. Bamia na mchicha ni mazao ya joto. Vitaota, ila kwa kujivuta.

Yapo yasiyofaa kabisa. Kitunguu saumu huhitaji wiki kadhaa za baridi kali ndipo kigawanye vidole, na baridi hiyo haifiki Bigwa. Waachie watu wa Mbulu. Vivyo hivyo mbegu za vitunguu maji zinazoletwa na ndugu kutoka Ulaya kaskazini. Hizo husubiri mchana wa saa 14 au zaidi ndipo zitengeneze kitunguu, na mchana wetu mrefu kuliko yote ni wa saa 12 na nusu hivi. Utavuna majani tu.

Kuhusu maji, usidanganywe na mawingu ya milimani. Kinole, upande wa mashariki, hupata mvua hata Julai. Bigwa huambulia manyunyu. Chomeka kidole kwenye tuta: pakiwa pakavu hadi kiungo cha pili, mwagilia asubuhi, kisha weka matandazo. Wala usikimbilie ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60.

Mwenye eneo dogo ajiulize pia sokoni kuna nini. Mgeta, juu ya mita 1,000, wanalima kabichi na karoti kwa urahisi kuliko sisi, na mazao hayo huvumilia safari ya lori hadi mjini. Saladi na giligilani hunyauka njiani. Matuta yako machache yape hizo mbili, ukavune dakika chache kabla ya kula.