Swali Nililoliahirisha



Majuma matatu ukurasa huu umekosa maneno yangu. Sikuwa mgonjwa wala safarini. Nilikuwa nyumbani, hapa Loresho, kila usiku baada ya Isha nimeweka daftari mbele yangu, nisipate la kuandika. Nilifungua vitabu vikubwa kutafuta jambo zito, nisilione.

Ilhali jambo lilikuwa limekwisha kunijia kwa miguu yake. Kabla ya hapo, mzee mmoja jirani yangu alinisimamisha tukitoka kuswali Ijumaa, akaniuliza, “Sheikh, wasia huandikwa vipi?” Nikamjibu, “Inshallah nitaandika, utasoma.” Nililiona swali jepesi, nikaliweka kando. Mzee akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, bila ya kuacha hata mstari mmoja. Leo wanawe hawasemezani kwa ajili ya deni ambalo huyu analikiri na yule analikana.

Katika majuto hayo nilimkumbuka Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947). Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah. Mwanachuoni huyu, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, hakuona haya kuandika juu ya israfu, juu ya elimu ya wasichana, na juu ya kuiga mambo ya Wazungu. Mada zake alizikuta mjini mwake, katika yale watu waliyoyatenda mbele ya macho yake. Na Qur'ani yenyewe mara nyingi hutaja kwamba watu wanamuuliza Mtume (S.A.W.): juu ya miezi miandamo, juu ya mayatima, juu ya ulevi na kamari. Swali la mtu wa kawaida halikudharauliwa.

Basi nimejiwekea desturi. Natembea na daftari dogo mfukoni, na kila ninaloulizwa naliandika kwa maneno ya muulizaji, bila ya kulipamba. Juma hili limeshika matatu. Mlinzi wa lango auliza ataswali vipi naye haruhusiwi kuacha zamu. Mama auliza afanyeje na watoto anaowasemesha Kiswahili wakamjibu kwa Kiingereza. Mwanafunzi auliza juu ya mkopo wa karo wenye riba. Hizo ni makala tatu, wala sikufungua kitabu kuzitafuta. Vitabu nitavifungua wakati wa kujibu.

Nawe unayeandika, au unayetayarisha hotuba au darsa, ukikaukiwa usijiulize, “Niseme nini?” Jiulize, “Ni nani aliyeniuliza nami sijamjibu?”

Swali la jirani yangu nalijibu leo, kwa kuchelewa. Andika kwanza madeni yako, unayodai na unayodaiwa, na amana za watu ulizo nazo. Ukitaka kumuusia mtu mali, isizidi thuluthi ya kinachobaki baada ya madeni, na asiwe mrithi wako, ila warithi wengine wakiridhia. Shuhudisha watu wawili waadilifu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye kitu cha kuusia haimfalii kulala siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa.

Usiungoje ukurasa wa juma lijalo. Andika usiku huu.