KUCHAGUA PIKAPU KUUKUU YA KUPITA MATOPENI

Wakati wa kiangazi kila pikapu ni nzuri. Barabara ikiwa kavu, hata gari lenye tairi zilizoisha na klachi iliyochoka huenda sokoni na kurudi. Lakini mvua ndefu za Machi hadi Mei zikianza, na tena mvua za vuli kutoka Oktoba hadi Desemba, ndipo mkulima hujua alinunua gari au alinunua taabu.

Hili si jambo dogo. Maziwa yaliyokamwa alfajiri hayangoji. Yasipopozwa huanza kuharibika baada ya saa chache. Majani ya chai yaliyochumwa leo yapasa kufika kiwandani leo. Viazi vilivyolowa ndani ya gunia huanza kuoza. Mkulima ambaye gari lake limezama maili mbili kutoka nyumbani hupoteza mazao ya siku ile, hulipa trekta la kumvuta, na fundi naye humngoja na bili yake.

Pikapu mpya ni ghali mno kwa wakulima wengi, na hakuna aibu kununua ya zamani. Ziko pikapu za miaka 20 au 30 ambazo bado hufanya kazi kila siku. Lakini shika neno hili moja: usinunue rangi, nunua chesisi. Rangi hupakwa kwa siku moja. Chesisi iliyooza haiponi kwa rangi.

Jiulize kwanza kama wahitaji gari

Hesabu mzigo wako wa wiki nzima. Kama una mkebe mmoja wa maziwa kila siku na kituo cha kupokelea kiko karibu, punda na mkokoteni watakutosha. Kama unauza mazao mara mbili tu kwa mwaka, kukodi gari siku hizo ni nafuu kuliko kulisha gari mwaka mzima. Majirani watatu au wanne, au chama cha ushirika, waweza kununua pikapu moja pamoja, maadamu wameandika nani atalipa mafuta na nani atalipa matengenezo. Lakini kama mzigo ni wa kila siku na njia ni mbaya, basi gari lina haki yake shambani.

Gawa fedha mafungu mawili

Kosa linalowaumiza wengi ni kutumia fedha zote kwa ununuzi. Gari kuukuu lina bei mbili: bei ya siku ya kununua, na bei ya mwaka wa kwanza. Tuseme una shilingi 600,000. Tafuta gari la shilingi 400,000, na 200,000 uziweke akiba kwa tairi, betri, breki na mambo yasiyoonekana. Mtu aliyenunua gari la 600,000 bila akiba atalisimamisha chini ya mti siku klachi itakapokufa.

Wala usiweke hati ya shamba rehani kwa ajili ya gari kuukuu. Shamba hukaa, gari huchakaa.

Aina ya udongo ndiyo huamua aina ya gari

Udongo mwekundu, kama wa Kiambu, Murang'a na Kericho, huteleza sana juu lakini chini yake pana ugumu. Pikapu ya kusukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, yenye tairi nzuri na uzito wa kutosha nyuma, hupita siku nyingi za mvua. Udongo mweusi, kama wa Mwea na nyanda za Kapiti, ni tabia nyingine. Hujaa katika mifereji ya tairi mpaka tairi ikawa laini kama chupa, kisha gari huzama hadi ekseli. Hapo wahitaji gari linalovutwa na magurudumu yote manne, na hata hilo lina siku zake za kushindwa.

Magari ya magurudumu manne hugharimu zaidi. Yana difu mbili badala ya moja, yana giaboksi ya ziada, na hula mafuta mengi. Kama matope yako ni nusu maili tu kutoka lango hadi barabara ya murramu, pengine ni nafuu zaidi kumwaga kokoto na kuchimba mitaro kwenye nusu maili hiyo kuliko kununua gari la aina hiyo.

Jambo kubwa kuhusu jina la gari ni vipuri. Land Rover zilianza kutengenezwa mwaka 1948, na Toyota Hilux mwaka 1968. Peugeot 504 na Isuzu ziliunganishwa hapa hapa Kenya kwa miaka mingi, na mafundi wengi walijifunza kazi kwa magari hayo. Kabla ya kununua, mwulize fundi wa soko lako la karibu: ni pikapu ipi uliyotengeneza mara nyingi zaidi? Kisha uliza bei ya klachi, pampu ya maji na bearingi za gari hilo. Gari zuri ambalo vipuri vyake havipatikani ni banda la kuku.

Lala chini uangalie chesisi

Chukua gunia, tochi, bisibisi na nyundo ndogo. Tandika gunia, lala chini ya gari, na ugonge chesisi polepole kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Chuma kilichooza hulia kwa sauti nzito, na bisibisi huingia. Angalia zaidi mahali springi za nyuma zinapofungwa, juu ya ekseli ya nyuma, karibu na tangi la mafuta, na kila mahali matope yanapoweza kukaa. Ukiona lami au rangi mbichi iliyopakwa chini ya gari juzi, uliza inaficha nini. Ukiona chesisi imechomelewa vipande vipande, ondoka.

Usidanganywe na mwili. Mwili wa Land Rover za zamani ni wa alumini na hauoti kutu kama chuma, lakini chesisi iliyo chini yake ni ya chuma na huoza kama nyingine.

Uliza pia gari lilifanya kazi wapi. Hewa ya bahari ya Mombasa hula chuma. Magadi hula chuma. Mbolea ya chumvichumvi iliyomwagika nyuma ya pikapu na kulowa mvua hula chuma. Katika nchi za theluji, kama Kanada na kaskazini ya Marekani, barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo huozesha pikapu nyingi kabla injini zake hazijachoka. Japani pia, ambako magari mengi yaliyotumika hutoka kuja Kenya, sehemu za kaskazini kama Hokkaido hupata theluji nyingi. Kanuni za Kenya hazikubali kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, kwa hiyo gari kuukuu unaloonyeshwa limeishi hapa muda mrefu. Lakini kutu iliyoanza ng'ambo haikuachwa bandarini.

Iwashe injini ikiwa baridi

Mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ni moto, ngoja ipoe, maana injini mbovu huwaka vizuri ikisha pata moto.

Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili yenye rangi kama chai ya maziwa ina maji ndani yake, na hiyo ni hasara kubwa. Fungua rejeta kabla ya kuwasha, wala usiifungue kamwe ikiwa moto. Maji yasiwe na oili juu.

Sasa washa, uangalie moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, yaani injini imechakaa. Moshi mweupe asubuhi ya baridi ni mvuke tu, lakini usipokoma baada ya injini kupata moto, huenda maji yanaingia mahali pasipofaa. Moshi mweusi wa dizeli ni mafuta yasiyoungua. Pengine ni chujio la hewa tu, pengine ni pampu. Katika sehemu za juu kama Kinangop na Molo hewa ni nyepesi, na injini nyingi za zamani hutoa moshi kidogo zaidi na nguvu kidogo kupungua.

Klachi, gia na breki

Simamisha gari mahali tambarare, watu wasiwe mbele wala nyuma. Vuta breki ya mkono, tia gia ya nne, kanyaga mafuta kidogo, kisha achia klachi polepole. Injini ikizimika mara moja, klachi bado ina nguvu. Ikiendelea kunguruma na gari limesimama, klachi imekwisha, nayo matopeni ndiyo hufa kwanza.

Kama ni gari la magurudumu manne, usiamini maneno ya muuzaji. Magari mengi ya namna hii yamekaa miaka bila gia hiyo kutumiwa, na vyuma vyake vimekwama. Lipeleke kwenye murramu yenye maji, uitie gia ya magurudumu manne na ile ya nguvu, upande kilima. Tazama kama magurudumu ya mbele yanavuta. Usifanye jaribio hili kwenye lami kavu. Gari la kuukuu lisilo na difu ya kati hubanwa kati ya ekseli mbili na vyuma vyake huumia.

Na kumbuka: magurudumu manne husaidia gari kuondoka na kupanda. Hayalisaidii kusimama. Kwenye mteremko wenye utelezi gari lolote hutegemea tairi, breki na akili ya dereva. Kwa hiyo jaribu breki ya miguu katika mwendo mdogo, uone kama gari lavutwa upande mmoja, na ujaribu breki ya mkono kilimani.

Tairi na uzito

Tairi zote nne ziwe za kipimo kimoja, hasa kwa magurudumu manne, maana tairi zisizolingana huvunja difu. Soma tarakimu nne za mwisho za maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyopasukapasuka ubavuni haifai hata kama mifereji yake ni mirefu.

Pikapu tupu ni nyepesi nyuma, na ndiyo sababu hucheza ngoma matopeni. Wakulima wa nchi za theluji wana shida hiyo hiyo, nao huweka mifuko ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma. Fanya vivyo hivyo: magunia mawili au matatu, yaliyofungwa yasiteleze. Mchanga huo una faida ya pili, kwani ukikwama unaumwaga mbele ya magurudumu. Ukipakia mazao, uondoe. Pikapu ya tani moja hubeba magunia 20 ya kilo 50 na si zaidi. Mzigo wa magunia 30 ndio unaopinda chesisi.

Minyororo ya tairi hufaa matopeni kama inavyofaa thelujini. Ifunge kwenye magurudumu yanayosukuma gari, na uifungue ukifika kwenye lami.

Vyeti

Gari bila vyeti ni kesi ya mahakamani. Linganisha nambari ya chesisi na ya injini na zile zilizo katika logibuku, herufi kwa herufi. Tafuta kumbukumbu za gari katika Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) kupitia eCitizen, uone mwenye gari ni nani. Kama jina la benki au la mkopeshaji limo pamoja na la muuzaji, deni bado halijaisha. Usilipe mpaka jina hilo limeondolewa. Andikeni mkataba mbele ya mashahidi, na uhamisho wa umiliki ufanywe katika siku 14. Uliza pia juu ya bima na ukaguzi wa kila mwaka wa magari ya biashara.

Ukishanunua

Badilisha oili ya injini, ya giaboksi na ya difu, maana hujui zilitiwa lini. Kila baada ya safari ya matopeni osha chini ya gari, usioshe milango tu, kisha tia grisi. Katika gari weka koleo, kamba nene, jeki, na ubao wa kuwekea jeki, kwa sababu jeki bila ubao huzama kabla ya gari kuinuka.

Nunua daftari pia. Andika kila lita ya mafuta, kila kipuri, kila siku gari liliposimama, na mapato ya kila safari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuambia kama pikapu inalisha shamba au shamba linalisha pikapu. Ikiwa ni hilo la pili, liuze gari kiangazi, wakati kila pikapu ni nzuri, na umwambie mnunuzi ukweli wote.