Duka la baiskeli lisilo la faida: fundi analipwa na nini?

Wengi wakisikia duka "lisilo la faida" hudhani linagawa bure. Sivyo. Duka la namna hiyo huuza, hutoza ufundi na kufunga hesabu. Tofauti ni kwamba ziada haigawiwi wanahisa, hurudi kazini.

Mfano ulio karibu na Ibaba, wilayani Ileje, uko ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, nchini Zambia. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa Marekani mwaka 2005, linamiliki kampuni ya Buffalo Bicycles. Baiskeli yake ya kawaida ina giya moja na hubeba kilo 100 (milima ya Ileje ni suala jingine). Ziada ya mauzo husaidia kazi za shirika, ikiwemo kufundisha mafundi.

Mfadhili hununua baiskeli mara moja. Hamlipi fundi mwaka wa tatu. Fundi wa kijijini huishi kwa kuziba pancha, kunyoosha ringi na kubadili gololi, na spea zikikosekana anafunga kibanda na kurudi shambani. Ndiyo maana baiskeli za aina moja zina nafuu kuliko kontena la mitumba ya kila aina: spea chache hutosha wateja wote.

Kwa muuza baiskeli mpya, za msaada huharibu bei. Kwa muuza tyubu na cheni, kila moja ni mteja. Anayeombwa mali kauli na duka kama hilo aulize kwanza: mishahara inatoka kwenye mauzo, au kwa mfadhili ambaye mkataba wake unakwisha lini?