Chenji ya Dukani

Kusoma Neno twajua, kufunga twajua, na ibada ya asubuhi wengi tunajitahidi. Leo nataka tuzungumze juu ya zoezi la kiroho ambalo tumeliacha: kuungama dhambi na kutengeneza tulipoharibu.

Nianze na nafsi yangu. Jioni moja nilinunua unga na sukari katika duka lililo karibu na kwangu. Nilimpa kijana wa dukani noti ya shilingi 500, naye akanirudishia chenji kana kwamba nimempa 1000. Nilizihesabu zile pesa njiani. Nikajiambia, "Duka hili hutuuzia ghali siku zote," nikaenda zangu. Usiku huo tulipiga magoti na watu wa nyumbani, lakini maneno yangu yalikuwa makavu kama maganda ya mahindi. Ikawa hivyo majuma mawili. Nikadhani ni uchovu wa kazi.

Wazee wetu katika imani wangalinitambua mara moja. Mwaka 1929, huko Kampala, daktari mmisionari Joe Church na Simeoni Nsibambi, Mganda, walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Katika miaka iliyofuata uamsho ulienea kutoka Gahini, Rwanda, ukaingia Uganda, na mwaka 1937 ukafika hapa Kenya. Watu walijulikana kuwa wameokoka kwa sababu walirudisha vitu walivyoiba na kuomba msamaha, hata kwa wale waliokuwa chini yao. Waliita maisha hayo kutembea nuruni.

Basi zoezi hili hufanywaje? Kabla ya kulala, ipitie siku yako mbele za Mungu: nyumbani, kazini, sokoni, ndani ya matatu. Usiseme tu, "Bwana, nisamehe makosa yangu yote." Sala ya namna hiyo ni kufagia taka chini ya mkeka. Uongo uite uongo, wizi uite wizi. Kisha ujiulize ni nani aliyeumia. Ukimkosea mkeo, mwambie mkeo. Si lazima kanisa zima lisikie. Kosa la hadharani nalo litengenezwe hadharani. (Tena tujihadhari. Wako waliosimama kutoa ushuhuda, wakaishia kuungama dhambi za majirani zao.)

Katika Mathayo 5:23-24 Bwana Yesu anamtaja mtu aliyefika madhabahuni, akakumbuka kwamba kuna jambo kati yake na ndugu yake. Hamruhusu hata amalize ibada kwanza. Na kilichochukuliwa hurudishwa: katika Hesabu 5:7 Torati iliagiza mtu alipe kamili na kuongeza sehemu ya tano, naye Zakayo aliahidi mara nne. Hatulipi ili tununue msamaha. Huo umekwisha kununuliwa msalabani. Tunalipa kwa sababu huko tulikochukua pamebaki pengo, na kuna mtu anayeishi nalo.

Pengo hilo sikulifikiria kamwe mpaka niliporudi dukani. Nilitaka jambo liishe upesi, kabla wateja hawajaingia. Nikaweka shilingi 600 juu ya kaunta, nikamweleza mwenye duka yote. Alinyamaza kitambo, akafungua daftari lake, akaniwekea kidole penye mstari mmoja.

"Mwalimu," akasema, "pesa hizi zilipokosekana nilimkata yule kijana mshahara. Nikamwita mwizi mbele ya watu. Amekwisha kuondoka, amerudi kwao."

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimeomba msamaha kwa mtu mmoja, kumbe niliyemwumiza zaidi hakuwapo. Nikamwomba anielekeze kwao kijana. Akazitazama zile pesa, asiziguse.

"Hutapajua peke yako," akasema.

Jumamosi alfajiri tulipanda matatu pamoja, mimi na yeye.