Kubadili Pedi za Breki za Nyuma

Dereva akanyagapo breki, nishati ya gari haipotei. Gari lenye uzito wa kilo 1,200, liendalo kilomita 80 kwa saa, lina nishati ya mwendo ipatayo jouli 296,000. Ili lisimame, karibu nishati yote hiyo hugeuka joto katika muda wa sekunde chache. Joto hilo lingetosha kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 95 za Selsiasi. Hufanyika mahali padogo mno: baina ya diski ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, na vipande viwili vinavyoibana, yaani pedi.

Fikra hii si ngeni. Mwingereza Frederick Lanchester aliipatia hataza mwaka 1902, ingawa ilipata sifa kubwa baada ya gari la Jaguar lenye breki za diski kushinda mashindano ya Le Mans, Ufaransa, mwaka 1953.

Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi. Ibakipo milimita 3, wakati wa kuibadili umewadia. Pedi nyingi zina kijibati kinachogusa diski wakati huo na kulia kwa sauti kali. Dereva anayeongeza sauti ya redio ili asiisikie hujiandalia gharama ya diski mpya.

Mtu mwenye subira na spana chache aweza kuifanya kazi hii nyumbani. Lakini upande wa nyuma una jambo lake: breki ya mkono haina budi kuachiliwa, hivyo magurudumu ya mbele yazuiwe kwa vigogo mbele na nyuma. Gari lililoinuliwa liegemezwe juu ya stendi imara, kwenye sakafu ngumu na sawa. Jeki ni ya kuinulia tu. Asilale mtu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Kalipa ikishafunguliwa, ifungwe kwa waya mahali pa juu, isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta. Vumbi lililomo lisipulizwe, bali lipanguswe kwa kitambaa kibichi. Pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo nyuzi zake huleta kansa ya mapafu, na huenda magari makuukuu yangali nazo.

Sasa pistoni irudishwe ndani, ipatikane nafasi ya pedi nene. Pistoni ya mbele kwa kawaida husukumwa tu. Ya nyuma, katika magari mengi, haikubali, na hapo ndipo kalipa nyingi huharibiwa. Breki ya mkono imeunganishwa na parafujo iliyomo ndani ya pistoni hiyo. Kadiri pedi inavyolika, parafujo hujirekebisha ili mvuto wa mkono usizidi kuwa mrefu. Mwanafunzi achukue boliti na nati, ajaribu kuisukuma nati bila kuizungusha: haitakwenda, na akitumia nyundo ataharibu meno yake. Ndivyo ilivyo kwa pistoni hii. Huzungushwa huku ikisukumwa, mara nyingi kufuata mwendo wa saa, ingawa yako magari ambayo upande mmoja huenda kinyume. Yenye breki ya mkono ya umeme hutaka kwanza mota irudishwe nyuma kwa utaratibu wa kitabu cha gari. Yale ambayo breki ya mkono iko katika dramu yake ya peke yake, pistoni husukumwa kama ya mbele.

Pistoni inaporudi, mafuta ya breki hupanda katika chombo chake; yaangaliwe yasifurike, maana huharibu rangi ya gari. Pedi zibadilishwe pande zote mbili, kulia na kushoto, ili gari lisivutwe upande.

Kabla ya kuondoa gari, kanyagio likanyagwe mara kadhaa mpaka liwe gumu. Pistoni ingali mbali na pedi, na mkanyago wa kwanza huzama hadi sakafuni pasipo breki yoyote. Kisha gari lijaribiwe polepole mahali pasipo watu. Pedi mpya huhitaji mwendo wa taratibu kwa safari za kwanza, hadi uso wake ulingane na uso wa diski.